Programu Huria Inataka Watunzaji

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wakutubi, mafundi wa kompyuta na watumishi wa halmashauri. Unachapishwa hapa pamoja na baadhi ya maneno yaliyoelekezwa kwa wasikilizaji.

 

Nia ya mhadhara huu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba faida kubwa ya mfumo endeshi wa Linux, na ya programu huria kwa jumla, haiko katika kutolipa. Iko katika haki ya kuifungua mashine, kuona inavyofanya kazi, kuirekebisha na kumgawia jirani marekebisho hayo. Haki hiyo hudhoofika kila pasipo na mtu wa kujitwika kazi ya kuitunza, na kazi hiyo sisi wa Afrika Mashariki tunaiweza. Nina hoja tano. Hazitalingana kwa urefu, kwa sababu uzito wake haulingani.

Kabla ya hoja, historia fupi ili twende pamoja. Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa katika maabara ya akili unde ya MIT nchini Marekani, alitangaza kwamba angeandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Aliuita GNU. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini sehemu nyingi zilikuwa tayari isipokuwa kiini, yaani ile programu inayosimamia kumbukumbu, diski na zamu za programu nyingine. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akawatangazia wenzake kwamba anaandika kiini cha namna hiyo kwa kujifurahisha. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya GPL, leseni ya akina Stallman. Sharti lake kuu ni hili: unaruhusiwa kubadili na kugawa, ila ukigawa lazima umpe mpokeaji msimbo wenyewe pamoja na ruhusa zilezile ulizopewa wewe. Hivyo kazi za watu wawili ambao hawakuwa wamepanga lolote pamoja zikaungana.

HOJA YA KWANZA: Tayari tunaitumia

Hapa sitakawia. Simu za Android mlizozima sauti mlipoingia humu zinaendeshwa na kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 katika orodha ya TOP500, yaani zile zenye nguvu kuliko zote duniani, zinatumia Linux. Seva nyingi zinazojibu mnapofungua tovuti ni za Linux pia. Nayataja haya kwa sababu kila ofisi ninayopita nasikia kwamba Linux ni ya wataalamu, haijakomaa, tusubiri. Imekomaa zamani. Palipobaki ugeni ni mezani: kompyuta ya shule, ya ofisi ya kata, ya duka la steshenari. Na hapo mezani ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

HOJA YA PILI: Maisha ya kila siku na Linux yana nafuu yake na yana bei yake

Chukueni duka la steshenari, lile linalochapa barua, linalotoa kopi na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo. Kompyuta yake ni ya mtumba, imekuja kutoka Ulaya au Dubai. Kutwa nzima wateja wanachomeka flashi, na flashi nyingi zina virusi. Mnakifahamu kirusi kile kinachogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, mteja akalia kwamba kazi yake imepotea. Kazi haijapotea. Kirusi kimeyatia mafaili alama ya kufichwa, kisha kimeweka badala yake viungo ambavyo ukivibofya vinakiamsha. Kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Flashi hiyo ukiichomeka kwenye Linux, alama ya kufichwa haizingatiwi, mafaili yote yanaonekana, na kirusi kinakaa pale kama faili lisilo na kazi, unalifuta, basi. Nimewaona wenye maduka wakianza na Linux kwa sababu hii peke yake: mashine moja ya kupokelea flashi za wateja, nyingine zibaki kama zilivyo. Wengine baadaye wakahamisha zote.

Nafuu ya pili ni umri wa mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma yake ya kawaida, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Mpakato wenye kumbukumbu ya GB 4 ambao mwalimu aliununua kwa kubana mshahara wake unaambiwa umezeeka. Hauna ubovu wowote. Bodi yake ni nzima, skrini yake ni nzima. Ukiwekewa toleo la Linux kama Debian yenye eneokazi jepesi la Xfce, au Linux Mint, unaandika mitihani, unasoma barua pepe, unafungua kivinjari na unapokea marekebisho ya usalama. Kwa nchi inayoagiza karibu kila kompyuta kutoka nje, kila mwaka unaoongezwa kwenye umri wa mashine ni fedha iliyobaki mfukoni mwa mwalimu.

Sasa nizungumzie bando, maana bila bando mengine yote ni ndoto. Maabara ya shule yenye kompyuta ishirini ikisasishwa kila moja peke yake, inapakua vitu vilevile mara ishirini. Katika Debian kuna programu ndogo iitwayo apt-cacher-ng. Unaiweka kwenye kompyuta moja. Kinachopakuliwa na ya kwanza kinahifadhiwa hapo, na nyingine zote zinachukua hapohapo bila kugusa intaneti. Mwalimu wa TEHAMA aliyekaa karibu na dirisha, nakuona unaandika: jina lake nitaliweka ubaoni tukimaliza.

Bei nayo niitaje bila kuficha. Kuna programu za uhasibu na za usanifu wa majengo zilizotengenezwa kwa Windows tu. Anayezitegemea kwa riziki yake asihame kwa kusikia mhadhara, ahame siku atakapokuwa amejaribu mbadala wake akaridhika. Printa ziulizwe kabla ya kununuliwa. Zipo ambazo Linux huzitambua mara unapochomeka waya, na zipo ambazo mtengenezaji hakutoa draiva wala maelezo ya kuiandika. Modemu za USB zina mchezo wake: nyingi zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, na mtu huamua kwamba Linux haioni modemu. Programu iitwayo usb_modeswitch ndiyo inayoiamuru igeuke kuwa modemu, na matoleo mengi ya Linux huja nayo.

Na barua! Malalamiko niliyoyasikia zaidi ofisini ni kwamba barua iliyoandikwa kwenye Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, mistari inahama, sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili. Mara nyingi kosa liko kwenye fonti. Barua imeandikwa kwa Calibri, fonti hiyo haimo kwenye mashine, na LibreOffice inaweka nyingine yenye upana tofauti. Kuna fonti huria, Carlito, iliyochorwa ili kila herufi iwe na upana sawasawa na wa Calibri, na nyingine, Liberation Serif, inayofanya vivyo hivyo kwa Times New Roman. Zikiwekwa, sahihi inarudi mahali pake. Nasisitiza jambo dogo namna hii kwa sababu ofisi nzima inaweza kuikataa Linux kwa ajili ya sahihi iliyohama, na hakuna atakayejua kwamba dawa ilikuwepo. Dawa hizi zinaishi kwa watu waliokwisha kupata tatizo hilo kabla yetu, nao wanapatikana kwenye jumuiya.

HOJA YA TATU: Jumuiya ina desturi zake, na mgeni anaweza kuzijifunza

Vijana wengi wameniambia kwamba waliuliza swali wakajibiwa kwa ukavu, wakaacha. Naelewa uchungu wao. Sisi tumelelewa kuanza na salamu, tuulizane ya nyumbani, ndipo shida itajwe. Katika jumuiya za programu huria mazungumzo ni ya maandishi, kati ya watu waliotawanyika mabara yote, wengi wao wakijitolea usiku baada ya kazi zao. Wanachokihesabu kuwa heshima ni swali lililoandaliwa. Taja toleo unalotumia. Eleza ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, kilitokea nini, na unakili ujumbe wa kosa kama ulivyo bila kuufupisha. Ripoti ya namna hiyo kutoka kwa mwanafunzi wa Mtwara inapewa uzito uleule kama ya mhandisi wa Berlin, kwa sababu anayeisoma anaweza kuyarudia makosa kwenye mashine yake na kuyaona kwa macho yake. Ripoti isemayo tu "haifanyi kazi" haimsaidii yeyote, hata ikianza kwa salamu ndefu.

Desturi ya pili ni ya kuamua mambo hadharani. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, ina katiba, ina mkataba wa kijamii uliopitishwa mwaka 1997, na kila mwaka wanachama wake humchagua kiongozi kwa kura. Kwa miaka mingi diski yake rasmi ya kusimika haikubeba zile programu za ndani ya vifaa ambazo msimbo wake umefungwa. Msimamo huo ulikuwa na hoja nzito, lakini mtu aliyeuweka mfumo kwenye mpakato alijikuta hana Wi-Fi, na asiye na Wi-Fi hawezi kuipakua hiyo programu inayokosekana. Mwaka 2022 wanachama walibishana kwa maandishi, kila upande ukatoa pendekezo lake, wakapiga kura, na tangu toleo la 12 la Juni 2023 programu hizo zimo ndani ya diski rasmi. Hoja za walioshinda na za walioshindwa zimebaki wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Ndugu zangu wa vyama vya ushirika mliomo humu, hayo ni mambo mnayoyajua: katiba, kura, kumbukumbu za kikao.

Nasikitika basi ninapoambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu na sisi ni wapokeaji. Twendeni Eldoret. Mwaka 2004, wataalamu waliokuwa wakiwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI chini ya mpango wa AMPATH, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, waliona mfumo wao wa awali wa kumbukumbu za wagonjwa umezidiwa. Walishirikiana kuanzisha OpenMRS na kuuacha huria. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ukafika Rwanda. Leo Kenya wana KenyaEMR na Uganda wana UgandaEMR, zote zimejengwa juu yake. Mgonjwa anayehudhuria kliniki leo hajui jina la msimbo huo. Muuguzi anaiona kwenye skrini tarehe ya dawa yake iliyopita, na hilo linamtosha. Ila sisi tuliomo kwenye kazi hii tunapaswa kujua kwamba mahitaji ya kliniki za Bonde la Ufa ndiyo yaliyouchonga mfumo unaotumika sasa katika mabara kadhaa.

HOJA YA NNE: Bila mtunzaji, haki ya kufungua haitoshi

Hii ndiyo hoja iliyonileta hapa, na naomba mnivumilie.

Kuna programu iitwayo xz. Kazi yake ni kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Imo ndani ya karibu kila toleo la Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa, kwa sehemu kubwa, na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2022 mtunzaji huyo aliandika wazi kwamba afya yake ya akili imemlemea na kwamba kazi hii halipwi. Wakati huohuo majina yasiyojulikana yakawa yanamshinikiza: mbona marekebisho yanachelewa, mbona humpi mwingine nafasi? Na pembeni alikuwepo mtu mpole, aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akileta viraka vizuri vya msimbo tangu mwaka 2021. Mtunzaji aliyechoka akamwamini, akampa mamlaka. Mapema mwaka 2024 yalitoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yenye mlango wa siri ambao ungemwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye seva za watu kupitia ssh, njia ambayo mafundi huitumia kuziendesha seva wakiwa mbali. Hila yenyewe ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo msomaji wa msimbo haangalii.

Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya jambo jingine kabisa, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Watu wengi wangeliacha lipite. Yeye alilifuatilia mpaka akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona. Matoleo yale yalikuwa yameingia zaidi kwenye Linux za majaribio. Hayakuwa yamefika kwenye matoleo imara yanayoendesha benki na hospitali. Kama yangefika, hata kumbukumbu za wagonjwa nilizozitaja zingekuwa hatarini.

Watu hutoa mafundisho mawili yanayopingana kutokana na tukio hili. Mmoja husema: mnaona, programu huria si salama. Mwingine hujibu: mnaona, uwazi umetuokoa. Wa pili ana ukweli zaidi, kwa kuwa Freund aliweza kufuatilia kwa sababu hakuzuiwa na kufuli la mtu yeyote. Hata hivyo simwachii atambe. Uwazi ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni wenzake mtunzaji, watu wawili watatu wa kukaa naye, kusoma viraka pamoja, kumpokea zamu alipougua. Adui hakuvunja mlango. Alitumia uchovu wa mtu.

Wenzangu mnaoshughulikia maji mnalijua jambo hili kuliko mimi. Kisima kikichimbwa kijijini na pampu nzuri ikafungwa bila kamati ya watumiaji, bila mfuko wa vipuri, bila kijana aliyefundishwa kubadili vali, pampu husimama ikafa wafadhili wakiwa bado wanakumbukwa kwa majina. Programu huria tunazipokea vivyo hivyo: tunafungiwa, tunapiga picha, tunaondoka. Mradi ukiisha, seva haisasishwi, nywila alikuwa nazo mtaalamu mmoja ambaye amepata kazi mji mwingine, na mkuu wa idara anahitimisha kwamba mfumo wa bure haufai. Nimeona seva yenye data za miaka mingi ikikaa bila marekebisho ya usalama kwa sababu hakuna aliyeandikiwa kazi hiyo kwenye majukumu yake. Kuandika "atasasisha seva kila wiki na kupima nakala rudufu kila mwezi" kwenye majukumu ya mtumishi hakugharimu shilingi, na kunaokoa zaidi kuliko vifaa vipya.

HOJA YA TANO: Kiswahili nacho kinataka watunzaji

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake ni za Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mwenye kampuni aone kama soko letu linalipa. Leseni iliruhusu, wakafanya. Miaka sita baadaye kampuni iliyoilea OpenOffice ilinunuliwa na Oracle, wachangiaji wengi wakaingiwa na hofu, na Septemba 2010 wakaanzisha LibreOffice kutokana na msimbo uleule. Mali ilibadilika mikono, na kazi ya waandishi na wafasiri wa lugha zote ikaweza kuhama nao.

Tafsiri, hata hivyo, haimaliziki. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, na zisipofasiriwa mtumiaji anakutana na menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, anarudi kwenye Kiingereza kizima. Lugha zenye programu kamili ni zile zenye kundi dogo linalokutana kila toleo linapokaribia. Walimu wa Kiswahili, nafasi yenu iko hapa, na haihitaji kujua kuandika msimbo. Vilevile sauti: mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wanaosoma sentensi za Kiswahili, na data yake inatolewa bure, hata mwanafunzi wa Dodoma aweze kuifundishia kompyuta isikie lugha yake. Ninachoomba ni sauti za Pemba, Lamu, Bukavu na Kigoma ziingie humo kwa wingi, na za wazee pia, maana mashine itamwelewa vizuri yule tu aliyeshiriki kuifundisha.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu unakwisha, nami niseme ya mbele. Vyuo vyetu vinadai kila mwanafunzi wa kompyuta atoe mradi wa mwisho, na miradi hiyo hufungiwa kabatini ikishasahihishwa. Napendekeza mwanafunzi aruhusiwe kuleta, badala yake, mchango uliokubaliwa na mradi huria unaotumika: kasoro aliyoirekebisha, mwongozo alioandika, sehemu aliyofasiri, pamoja na mazungumzo yote na watunzaji kama ushahidi. Msimamizi ataona kazi na ataona tabia. Halmashauri nazo, zinapoagiza mfumo, ziandike katika mkataba kwamba msimbo na nywila vitakabidhiwa, na kwamba watumishi wawili, kamwe asiwe mmoja, watafundishwa kuutunza.

Kwa upande wetu tuliomo kwenye kazi hii, tumeomba chumba cha nyuma cha maktaba hii tulimokutana kwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Leteni mpakato uliokataliwa, tutaufungua pamoja. Tutakuwa na Debian na Mint kwenye flashi ili asiye na bando asikwame, na meza moja itakuwa ya wafasiri peke yao. Kazi ya kwanza ya meza hiyo ni kupitia menyu za LibreOffice, kuorodhesha zilizobaki kwa Kiingereza na kugawana. Karatasi ya kujiandikisha ipo kwa katibu. Mwalimu, nilikuahidi jina la ile programu ya maabara. Naliandika ubaoni sasa, na wengine nakaribisha maswali yenu.